Mlima wa Chini wa Mutinda

Kabla hujanionyesha picha yako, kijana wangu, niambie kwanza ulikuwa umesimama wapi. Usiniambie simu yako ina kamera ngapi. Hizo nimeziona, zimejipanga huko nyuma kama vifungo vya shati. Mimi nauliza miguu yako ilikuwa wapi, na kama ulikuwa umesimama, nani alikuambia usimame.

Hapa Witeithie wananijua kama Wekesa wa Picha. Nilitoka Bungoma nikiwa na nywele nyingi, nikafanya kazi katika kiwanda cha nguo Thika, halafu nikaachana na mashine za watu nikashika kamera. Nimepiga harusi na mazishi, nimepiga picha za vitambulisho, nimepiga watoto waliolia hadi wakalala mbele ya lenzi. Hizo ndizo zilizonilisha mimi na familia. Lakini kazi niliyoipenda hakuna mtu aliyenituma. Nilipenda kupiga mlima ukiwa ndani ya maji. Kitabuni wewe na wenzako mtasoma neno taswira. Sisi tulisema mlima wa juu na mlima wa chini, na kila mtu alielewa.

Mlima wetu wa huku ni Kilimambogo. Mlima Kenya nao huonekana asubuhi zingine, lakini ule ni mgeni asiyekaa. Ukikimbia ndani kuchukua kamera, ukitoka umekwenda zake. Kilimambogo upo tu, umekaa pale mashariki. Na maji tulikuwa nayo mengi: mabwawa ya mashamba ya kahawa kuanzia Ruiru mpaka Thika, na machimbo ya mawe ya upande wa Juja yaliyoachwa yakajaa mvua.

Sasa sikilizeni shida yake, maana ilinisumbua maisha yangu yote na bado inanifurahisha. Asubuhi maji yametulia kabisa, lakini jua linatokea nyuma ya Kilimambogo, kwa hivyo mlima ni mweusi tii. Alasiri jua limehamia huku kwetu, mlima unapata rangi zake zote, msitu wake unauona, lakini upepo umeshaamka na maji yanakunjamana. Ukitaka rangi, unakosa maji. Ukitaka maji, unakosa rangi. Nilijaribu kila saa, nikapata siku tano au sita tu ambazo vyote viwili vilikubali. Nyingi zilikuwa kabla ya mvua kubwa kunyesha, hewa ikiwa nzito na majani hayatikisiki. Mkiona siku kama hiyo, acheni chai mezani muende.

Jambo lingine dogo. Mlima wa chini huwa mweusi kidogo kuliko wa juu, kwa sababu maji hayarudishi mwanga wote, mwingine yanaubakiza. Mkiona picha kwenye simu ambayo mlima wa chini unang'aa kuliko wenyewe, jueni kuna mtu ameuchezea. Mimi humjua hata kabla sijavaa miwani.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Njoroge, mzee mwenye studio pale Thika, mtu wa kofia moja na maneno machache. Nikimletea picha hakuwa anasema ni nzuri wala ni mbaya. Aliishika kwenye pembe, akauliza, "Ulisimama hapo kwa nini?"

Nami najibu, "Hapo ndipo palikuwa na nafasi, mzee."

"Basi ulipiga nafasi," anasema, na kunirudishia.

Nilidhani ni ukali wa wazee. Alifariki kabla sijamwelewa, na hilo bado linaniuma, kwa sababu ningemwelewa mapema, Mutinda hangeitwa mwongo nyumbani kwake.

Mutinda alikuwa mlinzi wa bwawa katika shamba moja la kahawa, mwendo mfupi kutoka hapa kuelekea Ruiru. Kazi yake ilikuwa kufukuza ng'ombe za watu, kufukuza waogeleaji, na kufungua lango la maji wakati wa kunyunyizia. Alikuwa Mkamba, na kwao ni upande wa pili wa Kilimambogo. Yaani mlima alioukabili kila asubuhi akiwa kazini ni ule ule ambao mke wake, Mama Mwende, aliukabili akitoka jikoni, lakini kila mmoja aliuona kutoka upande wake. Mutinda alisema yeye ndiye anayeona uso. Mke wake alisema uso uko kwao.

Mshahara wa ulinzi haukuwa kitu cha kumweka mtu mbali na shamba lake. Mama Mwende alimwambia mara nyingi arudi, mahindi yanataka mikono. Mutinda akawa anasema mwaka ujao, kisha mwaka ujao tena. Majirani nao wana midomo. Wakaanza kusema mzee ana jiko lingine huko Ruiru. Mama Mwende alipomuuliza uso kwa uso ni nini kinachomweka huko, Mutinda alimjibu ukweli wake: kuna mlima ndani ya bwawa. Mlima wetu. Kila asubuhi nikinawa uso nauona, na siku yangu inakuwa sawa.

Hebu fikiria wewe ndiwe mke, na hilo ndilo jibu unalopewa.

Mwanzo alicheka. Baadaye hakucheka. Ndipo Mutinda akaja studio kwangu, kofia mkononi. Akaniambia, "Wekesa, nisaidie. Njoo unipigie ule mlima ndani ya dam, nimpelekee mwenyewe aone. Mimi maneno yameniishia."

Nilikwenda Jumamosi alfajiri. Siku hiyo nilikuwa na harusi Ruiru saa nne, kwa hivyo nilivaa suti ya kijivu na viatu vyeusi nilivyovipiga rangi mpaka vikang'aa kama sufuria mpya. Nilitegesha stendi juu ya ukuta wa bwawa, mahali pakavu na pazuri. Mlima ulikuwa umetokea vizuri juu ya mibuni ya ng'ambo. Maji yalikuwa hayatikisiki. Nikatazama ndani ya maji, nikaona mibuni imesimama kichwa chini, safu nzima. Mlima hakuna.

Nikauliza, "Mlima wa chini uko wapi?"

Mutinda alikuwa amechutama ukingoni, ananawa uso. "Si huu hapa?"

"Wapi?"

"Hapa mbele yangu. Aii, Wekesa, hauoni? Shuka hapa kwangu."

Nikaangalia matope yaliyokuwa kati yetu. Nikaangalia viatu vyangu. Nikasema, "Naona vizuri kutoka hapa."

Moyoni nikasema, maskini, mzee amekaa peke yake na maji haya mpaka anaona kwa mawazo. Nikapiga picha tatu, nikafunga stendi, nikaenda harusini nikiwa safi kabisa. Nilisafisha filamu, nikachapa picha moja kubwa, na sikumtoza. Nilijiona mtu mwema sana.

Alienda nayo nyumbani Krismasi. Mama Mwende aliishika, akaileta karibu, akaipeleka mbali. "Mlima uko juu, pale unapokaa siku zote," alisema. "Ndani ya maji ni kahawa."

Kisha akaitundika juu ya mlango. Ikawa kila mgeni akiingia anaulizwa, mbele ya Mutinda, aonyeshe kwa kidole mlima uko wapi ndani ya maji. Wageni walitafuta kwa adabu, wakakosa, wakageuza mazungumzo. Mutinda alinisimulia hayo huku akicheka, lakini baada ya hapo hakupita tena studio. Akiwa na shida ya picha ya kitambulisho alienda kwa mpiga picha mwingine, kule Kimbo.

Miaka ilipita. Filamu zikaisha madukani, nikajifunza kamera ya kadi. Binti yangu Nafula akanifundisha kufuta picha, nikafuta harusi nzima ya watu wa Gatongora, lakini hicho ni kisa cha siku nyingine na bwana harusi bado hanisalimii. Jambo la bwawa halikuniacha. Nilikuwa nalifikiria nikipiga mswaki. Mtu mzima, mwenye akili yake, anachutama pale kila siku na kusema kuna kitu. Mimi nimesimama hatua kumi kutoka kwake na kitu hakipo. Mmoja wetu alikuwa amekosea, na sikupenda jinsi nilivyoharakisha kuamua ni nani.

Jibu nililipata kwenye machimbo ya Juja, na nililipata kwa kuangusha kitu. Nilikuwa nimesimama kando ya maji, nyasi ndefu zikiwa ng'ambo, na mlima wa chini umefichwa na nyasi hizo hizo zilizopinduka. Kifuniko cha lenzi kikaniponyoka, kikaviringika hadi ukingoni. Nikainama kukiokota. Kichwa kilipofika karibu na maji, Kilimambogo ukachomoza mle ndani, chini ya nyasi, wote, kutoka bega hadi bega.

Nikasimama, ukapotea. Nikainama, ukarudi. Nikasimama tena. Nilifanya hivyo mara nyingi hadi mama mmoja aliyekuwa anafua nguo hapo akaniuliza, "Baba, ni tumbo?"

"Hapana, mama. Ni mlima."

Akakusanya nguo zake, akahamia mbali kidogo.

Nieleze vizuri, kwa sababu hili ndilo la kubeba. Ukiangalia maji, ni kana kwamba una jicho lingine chini ya maji, umbali ule ule ambao jicho lako liko juu yake. Jicho hilo ndilo linalouona mlima wa chini. Ukisimama juu ya ukuta, jicho la pili linazama mbali kama lililo kisimani, na kila kichaka cha ng'ambo kinakuwa ukuta mbele yake. Ukilala chini, pua ikaribie maji, jicho la pili nalo linapanda hadi karibu na uso wa maji, na linaona juu ya vichaka. Mutinda alikuwa anainama kunawa. Mimi nilikuwa nimesimama na suti. Sote wawili tulisema kweli, lakini mimi ndiye niliyekuwa na kamera, na kwa hivyo mimi ndiye niliyeaminiwa.

Niliketi pale kwenye jiwe, nikaona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nilikuwa nimemfanya mtu kuwa mwongo mbele ya mke wake na wageni wake, kwa sababu ya viatu.

Kesho yake alfajiri nilikwenda kwenye shamba la kahawa. Nilivaa gambuti za mpira.

Nilisikia mashine kabla sijafika. Shamba lilikuwa limeuzwa, linakatwa ploti. Ukuta wa bwawa ulikuwa umepasuliwa katikati na maji yote yameondoka. Kilichobaki ni tope jeusi lenye kunuka, na akina mama na karai zao wakiokota kambare waliokuwa wanarukaruka. Ng'ambo, mibuni ilikuwa imeng'olewa, imelundikwa mizizi juu. Mutinda alikuwa ameketi juu ya mzigo wake, nguo zimefungwa kwa shuka. Hiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini.

"Umechelewa, Wekesa," alisema, hata bila salamu.

Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu kifuniko, nyasi, jicho la chini. Nikamwambia, "Mzee Mutinda, ulikuwa unasema kweli na mimi sikushuka. Nisamehe."

Aliangalia gambuti zangu. "Wakati ule uliniona nimechutama. Ulidhani nafanya nini?"

"Nilidhani unanawa."

"Nilikuwa nanawa. Na nilikuwa naona." Akafuta macho kwa kiganja. "Sasa narudi nyumbani na nini? Ile picha yako bado iko juu ya mlango. Nitakaa chini yake mpaka nife."

Niliangalia chini, na ndipo nikaona. Tingatinga lilikuwa limepita mbele yetu na kuacha shimo refu la gurudumu, na shimo hilo lilikuwa limejaa maji. Halikuwa pana kuliko kitanda cha mtoto. Lakini nilikuwa nimeshajua siri: ukishuka chini vya kutosha, mlima hauhitaji bwawa. Na mibuni ya ng'ambo haikuwepo tena kuuzuia.

Nikalala kifudifudi. Jamani, tope lilikuwa baridi. Kamera yangu kubwa niliilaza chini, lakini lenzi yake ilikaa juu mno, ikaona tope zaidi ya maji. Nikajaribu kuichimbia, ikataka kuingia maji. Hapo ndipo nilipokumbuka simu niliyonunuliwa na Nafula, ambayo nilikuwa nimeidharau miaka miwili na kuitumia kupigia watu tu. Kamera yake iko pembeni kabisa. Nikaigeuza kichwa chini, jicho lake likawa upana wa kidole juu ya maji.

Kilimambogo wote uliingia. Ule wa juu na ule wa chini, katika shimo la gurudumu.

"Uko?" Mutinda aliuliza.

"Uko! Njoo uchutame pale mwisho, kama unanawa. Lakini usiguse maji!"

"Nitanawaje bila kugusa maji?"

"Nawa hewa, mzee!"

Akachutama, akanawa hewa kwa heshima zote. Lakini maji yalikuwa yanatetemeka, vipele vidogo vidogo, na mlima wa chini ukawa kama umepasuliwa. Ilikuwa ni ardhi inayotikiswa na tingatinga. Nikainuka na tope hadi kidevuni, nikamwendea dereva, nikamwomba azime injini.

Alinitazama kutoka juu. "Buda, nina target ya leo. Boss anakam saa tatu."

"Dakika tatu tu, kijana wangu. Huyu mzee anamalizia kazi yake ya miaka yote."

"Kazi gani hiyo? Ako hapo ananawa hewa."

"Hiyo hiyo."

Alicheka sana, akazima. "Tatu. Boss akitokea, mimi siwajui."

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Nikarudi kulala. Maji yalichukua muda kutulia, kwanza pembeni halafu katikati, na nikangoja mpaka mstari wa mlima ukaacha kucheza. Jua lilikuwa linagusa tu bega lake la kaskazini. Nikapiga. Nikapiga tena. Mara ya nne Mutinda alisahau kunawa, akawa anautazama tu, na hiyo ndiyo tuliyoichagua.

Nilimwambia, "Picha hii siipeleki kwa mkono wako. Nakuja mwenyewe."

Tulikwenda Jumapili baada ya kanisa. Mama Mwende ni mwanamke mrefu, mwenye macho makali na salamu fupi. Alitukaribisha, akatupa chai, na mimi nikakaa nikiona ile picha yangu ya zamani juu ya mlango, mibuni imesimama kichwa chini. Nikamkabidhi mpya. Akavuta stuli, akapanda, akaishusha ya zamani, akaziweka zote mbili juu ya meza. Alizitazama kwa muda mrefu sana. Mutinda alikuwa ameshika kikombe, hanywi.

"Huu ni wetu," alisema mwishowe.

"Ni wetu, mama," nikasema. "Kwa nyuma tu."

"Nyuma ni huko kwenu. Uso uko huku." Akaweka kidole kwenye mlima wa chini. "Na huu ulikuwa ndani ya maji kweli? Hamjaupindua na mashine?"

"Kweli. Ukiinama unauona."

Alichukua ile stuli. Alitoka nje, tukasikia maji yakimwagwa. Tulipomfuata alikuwa ameweka stuli katikati ya uwanja, karai juu yake, imejaa hadi mdomo. Alingoja maji yatulie. Kisha akakunja kanga, akapiga magoti vumbini, akaleta shavu karibu na ukingo wa karai upande unaokabili mlima. Kuku walikuja kutazama. Mutinda akashusha magoti yake mabovu, pole pole, akapiga magoti karibu naye.

"Sogea," alimwambia mume wake, "unanitikisia maji."

Akasogea. Wakabaki pale, vichwa viwili pembeni mwa karai.

"Ni kweli," Mama Mwende alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha, bila kuinua shavu: "Miaka yote hii. Si mngeniambia tu niiname?"

Mutinda aliinua kichwa. Aliniangalia mimi, na mimi nikaangalia viatu vyangu.